Runinga pana badala ya monita: Hesabu za kibanda cha gemu

MSIMU wa mavuno unapokwisha, fedha za mkulima huanza kutafuta pa kwenda. Wapo wanaonunua bodaboda, wapo wanaoongeza bidhaa dukani, na wapo, hasa vijana, wanaofungua kibanda cha gemu karibu na stendi au soko.

Biashara hii si ngeni. Ni ndugu wa karibu wa vibanda umiza, ambako watu hulipa kiingilio kutazama mpira na filamu. Tofauti ni kwamba katika kibanda cha gemu mteja hatazami tu, anacheza mwenyewe. Mahali pengi utaratibu ni mmoja: wawili wanakaa, wanashindana, na anayefungwa ndiye anayelipa.

Siku hizi wamiliki wengi wanapenda kutumia kompyuta badala ya mashine ya PlayStation peke yake. Sababu yao ni ya kibiashara. Kompyuta ile ile inaweza kuchapa barua na kuingiza nyimbo kwenye memori kadi asubuhi, na jioni ikageuka uwanja wa mpira.

Tatizo ni kioo. Monita ya kompyuta ya inchi 19 ni ndogo kwa vijana wawili wenye pedi mikononi na wengine wanne wanaosubiri zamu nyuma yao. Hapo ndipo mwenye kibanda anapofikiria kununua runinga pana na kuiunganisha na kompyuta.

Wazo hilo ni zuri na linawezekana. Hata hivyo, wengi hupoteza mtaji kwa kununua runinga isiyofaa, waya usiofaa, au kioo kikubwa kisichoongeza mteja hata mmoja. Ni vyema kupiga hesabu kabla ya kufunga safari ya Kariakoo.

Kutoka chogo hadi flati

PlayStation ya kwanza ilitoka Japan mwaka 1994 na ya pili mwaka 2000. Zote zilitengenezwa wakati wa TV za chogo, na ziliunganishwa kwa nyaya tatu za rangi ya njano, nyekundu na nyeupe. Wa njano ulibeba picha, na hizo mbili zilibeba sauti.

TV ya chogo ilikuwa na kioo cha uwiano wa 4 kwa 3, yaani karibu mraba. Runinga pana za sasa ni za uwiano wa 16 kwa 9. Ndiyo maana mtu anayeunganisha mashine ya zamani kwenye runinga mpya huona wachezaji wamenenepa. Picha iliyotengenezwa kwa kioo cha karibu mraba imevutwa pembeni ili ijaze kioo kipana.

Kompyuta haina tatizo hilo, kwani inaweza kupangwa itoe picha pana. Tena njia ya kisasa ya kuunganisha, inayoitwa HDMI, ilitoka mwishoni mwa mwaka 2002 na sasa ipo karibu kwenye kila runinga ya flati na kwenye kompyuta nyingi.

Ukubwa wa kioo si wingi wa nukta

Kosa la kwanza la wanunuzi ni kudhani kwamba kioo kikubwa ndicho chenye picha safi. Picha ya kompyuta hutengenezwa kwa nukta ndogo ziitwazo pikseli. Kinachotakiwa kuulizwa dukani ni inchi ngapi pamoja na nukta ngapi.

Runinga nyingi za inchi 32 za bei nafuu zina nukta 1,366 kwa upana na 768 kwa kimo, jumla zaidi kidogo ya milioni 1. Zile zinazoitwa Full HD zina 1,920 kwa 1,080, jumla zaidi ya milioni 2. Za 4K zina 3,840 kwa 2,160, jumla zaidi ya milioni 8.

Monita ya inchi 22 yenye nukta za Full HD ina upana wa sentimita 49 hivi, na kila nukta ina upana wa robo ya milimita. Zieneze nukta hizo hizo kwenye runinga ya inchi 43, yenye upana wa sentimita 95, na kila nukta inakuwa na upana wa nusu milimita. Idadi haijaongezeka. Zimetawanyika tu, kama mbegu zile zile zilizopandwa kwenye shamba kubwa zaidi.

Mtu aliyekaa sentimita 60 kutoka kwenye kioo hicho ataona herufi zina kingo za ngazi, na macho yatachoka. Akisogea nyuma kufikia mita 1.7 au zaidi, jicho la kawaida halizitenganishi tena nukta hizo na picha inaonekana laini.

Maana yake kwa mwenye kibanda ni mbili. Kwanza, runinga kubwa inahitaji chumba chenye nafasi ya kukaa mbali. Kibanda chenye kina cha mita moja na nusu hakihitaji inchi 43. Pili, kazi ya kuchapa barua isifanywe kwenye runinga. Monita ndogo ya zamani ibaki mezani kwa kazi za mchana, na runinga iwe ya gemu. Kompyuta nyingi zina matundu mawili ya picha, hivyo vyote viwili vinaweza kuunganishwa kwa pamoja.

Vipi kuhusu 4K? Kwa kompyuta ya ofisini iliyonunuliwa mtumba, hiyo ni gharama isiyo na faida. Picha ya 4K ina nukta mara nne ya Full HD, na kompyuta isiyo na kadi ya picha yenye nguvu haiwezi kuzichora kwa kasi ya gemu. Isitoshe, HDMI ya toleo la 1.4, iliyo kwenye kompyuta nyingi za zamani, hupeleka picha 30 tu kwa sekunde ikifikia 4K. Mpira utaonekana unarukaruka. Toleo la 2.0, lililotoka mwaka 2013, ndilo lililofikisha picha 60.

Kompyuta dhaifu ni afadhali ipunguziwe mzigo. Gemu ikipangwa kwa nukta 1,280 kwa 720, runinga yenyewe itaikuza picha ijae kioo. Haitakuwa kali sana, lakini mchezo utakwenda bila kukwama, na mteja wa gemu hulipia mchezo usiokwama.

Waya wa kununua

Kabla ya kununua waya, mwenye kibanda ageuze kompyuta na kutazama matundu ya nyuma. Kama kuna HDMI, kazi ni nyepesi. Waya mmoja unabeba picha na sauti.

Kama kuna tundu la DVI, waya wa DVI kwenda HDMI unatosha kwa picha. Sauti mara nyingi itahitaji waya wake.

Kama kuna VGA peke yake, lile tundu lenye vishimo 15 ambalo kwa kawaida huwa la rangi ya bluu, kuna njia mbili. Ya kwanza ni kutafuta runinga yenye tundu la VGA pia, kwani baadhi ya flati za zamani zinalo, na kuongeza waya mwembamba wa sauti kutoka tundu la spika. Ya pili ni kununua kibadilishaji cha VGA kwenda HDMI.

Hapa tahadhari inahitajika. VGA hubeba mawimbi ya analojia na HDMI hubeba ya dijitali. Waya mtupu wenye VGA upande mmoja na HDMI upande wa pili, usio na kifaa cha kubadilisha katikati, hautaonyesha picha hata ukibadilisha runinga tatu. Kibadilishaji cha kweli kina kifaa chake na huhitaji umeme kidogo, mara nyingi kutoka tundu la USB.

Kuhusu bei, waya wa HDMI wa mita mbili wa bei ya chini hautoi picha mbaya kuliko wa bei kubwa. Picha ya dijitali ama inafika, ama inakatikakatika na kuonyesha vidoadoa. Kwa umbali mfupi, fedha ya ziada ni bora iende kwenye pedi.

Kingo zilizokatwa na pedi 'mbovu'

Runinga ikishaunganishwa, malalamiko mawili hujitokeza.

La kwanza ni picha kukatwa kingo. Saa ya kompyuta haionekani, na ubao wa magoli umeingia nusu nje ya kioo. Si ubovu. Ni tabia iliyorithiwa kutoka enzi za chogo, ambapo runinga ilikuza picha kidogo ili kuficha kingo zisizo nzuri. Dawa yake iko kwenye rimoti, sehemu ya kupanga ukubwa wa picha. Kwenye LG huandikwa Just Scan, kwenye Sony huandikwa Full Pixel, na kwenye Samsung huandikwa Screen Fit au maneno yanayofanana na hayo.

La pili ni zito zaidi, kwa kuwa linafukuza wateja. Mchezaji anabonyeza kupiga shuti, lakini yule wa kwenye kioo anachelewa kupiga. Mteja anasema pedi ni mbovu. Mwenye kibanda ananunua pedi mpya, na tatizo linabaki pale pale.

Chanzo ni runinga. Tofauti na monita, runinga huipokea picha, huisafisha, huiongezea rangi na kulainisha mwendo, kisha ndipo huionyesha. Kwa mtazamaji wa taarifa ya habari hakuna hasara. Kwa mcheza gemu, kila hatua ni ucheleweshaji.

Gemu ya picha 60 kwa sekunde hubadilisha picha kila baada ya milisekunde 17 hivi. Runinga inayochelewa milisekunde 100 inamwonyesha mchezaji jambo lililopita picha sita nyuma. Katika penalti hiyo ni tofauti ya kudaka na kufungwa, na pale ambapo anayefungwa ndiye anayelipa, ni ugomvi.

Runinga nyingi zina sehemu iitwayo Game, ambayo huzima usafishaji huo. Nyingine hupunguza ucheleweshaji pale tundu la HDMI linapopewa jina la PC kwenye orodha ya matundu. Mipango yote ya kulainisha mwendo na kupunguza chenga izimwe pia. Marekebisho haya hayagharimu hata shilingi, na yafanywe kabla ya kununua pedi nyingine.

Bei ya plasma iko kwenye LUKU

Katika maduka ya mtumba bado zipo runinga kubwa za plasma zinazouzwa kwa bei ya kuvutia. Kampuni ya Panasonic ilitangaza mwaka 2013 kuacha kuzitengeneza, na Samsung na LG zikafuata mwaka 2014. Hivyo yoyote inayouzwa leo ni ya zamani, na vipuri vyake ni vigumu kupatikana.

Kwa gemu, plasma ina sifa moja nzuri, kwamba mwendo wa haraka huonekana safi. Lakini ina madhara mawili. Kitu kinachokaa sehemu moja kwa saa nyingi, kama ubao wa magoli juu ya kioo, huacha kivuli kisichofutika. Na ulaji wake wa umeme ni mkubwa.

Tuchukulie mfano. Flati ya LED ya inchi 32 inatumia wati 50, na plasma ya inchi 42 inatumia wati 250. Kibanda kinafunguliwa saa 10 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, na yunit moja ni Sh350. Kila mwenye kibanda aweke bei anayoiona kwenye risiti yake ya LUKU.

LED itatumia nusu yunit kwa siku, sawa na Sh175. Plasma itatumia yunit mbili na nusu, sawa na Sh875. Tofauti ni Sh700 kwa siku, Sh18,200 kwa mwezi, na Sh218,400 kwa mwaka. Aliyedhani ameokoa fedha dukani anazirudisha kidogo kidogo kwa kununua umeme.

Kwa walio nje ya gridi, hesabu ni kali zaidi. Kompyuta ya mapajani ya wati 60 na LED ya wati 50 zikifanya kazi saa sita usiku zinahitaji wati-saa 660. Betri ya asidi ya volti 12 na Ah 100 inahifadhi wati-saa 1,200, lakini ikizoeshwa kushushwa zaidi ya nusu hufa mapema. Kwa hiyo zilizo salama ni 600 tu, na inveta nayo hula sehemu yake. Mwenye betri moja ya namna hiyo apange kufunga baada ya saa nne.

Je, runinga inalipa?

Mkulima anayejua kuhesabu gunia la mbolea dhidi ya magunia ya mpunga anaweza kuipima runinga kwa njia ile ile. Swali ni je, italeta mechi ngapi za ziada kwa siku?

Tuchukulie kuwa monita ya mtumba ya inchi 19 inagharimu Sh80,000 na LED ya inchi 32 Sh350,000. Gharama ya ziada ni Sh270,000. Mechi moja ni Sh300, na baada ya kutoa umeme, uchakavu wa pedi na matengenezo, inabaki Sh250.

Kama runinga itaongeza mechi sita kwa siku, faida ya ziada ni Sh1,500. Gharama itarudi baada ya siku 180 za kazi, karibu miezi saba. Hiyo ni biashara nzuri.

Kama itaongeza mechi mbili tu, faida ya ziada ni Sh500 kwa siku, na gharama itarudi baada ya siku 540, karibu miezi 21. Hapo bado hajapigwa shoti ya umeme, wala hajaibiwa.

Na kama fedha hizo Sh270,000 ni za mkopo wenye riba ya asilimia 3 kwa mwezi juu ya mkopo wote, riba peke yake ni Sh8,100 kwa mwezi, zaidi ya Sh310 kwa siku ya kazi. Mwenye mechi mbili za ziada anabaki na takriban Sh190 kwa siku za kulipa deni lenyewe. Kwa mwendo huo atahitaji zaidi ya miaka minne, na huenda runinga ikafa kabla ya deni.

Njia ya kujua idadi ya mechi si kukisia. Mwenye kibanda anunue daftari na kwa wiki mbili aandike mechi zilizochezwa, pamoja na wateja waliochungulia, wakaona foleni au kioo kidogo, wakaondoka. Kama wanaoondoka ni wengi kwa sababu ya foleni, dawa yao ni kioo cha pili na wala si kioo kikubwa. Monita mbili za inchi 19 zenye kompyuta mbili zinaweza kuingiza zaidi ya runinga moja ya inchi 43.

Aidha, wateja hufuata msimu. Katika bonde la Kilombero mifuko ya vijana huwa na fedha baada ya mavuno ya mpunga, na Mtwara na Lindi baada ya minada ya korosho kuanza Oktoba. Wiki mbili za neema zisitumiwe kukadiria mwaka mzima. Mwenye busara huhesabu pia wiki mbili za njaa, kisha huchukua katikati.

Shule, kamari na leseni

Kibanda cha gemu kinachojaa sare za shule saa nne asubuhi hakitadumu. Wazazi watalalamika na uongozi wa mtaa utakifunga. Kanuni ya kutompokea mwanafunzi saa za masomo inalinda watoto, na inalinda mtaji pia.

Jambo jingine ni dau. Kulipia mechi ni huduma. Wachezaji wakianza kuwekeana fedha ili mshindi achukue, mchezo unageuka kamari, na kamari inasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha chini ya sheria ya mwaka 2003. Mwenye kibanda asiruhusu hilo ndani mwake. Kuhusu leseni ya biashara na kodi, aanzie ofisi ya biashara ya halmashauri na ofisi ya TRA iliyo karibu kabla ya kufungua mlango.

Siku ya kununua

Mnunuzi asiende dukani mikono mitupu. Aazime kompyuta ya mapajani yenye HDMI na waya wake, na aombe runinga iwashwe nayo mbele yake.

Kwanza, afungue ukurasa wenye maandishi madogo. Runinga iliyobandikwa Full HD kwenye boksi lakini yenye kioo cha nukta chache itaonyesha herufi zilizofifia hata baada ya kuzima ukuzaji wa kingo. Pili, azungushe kipanya haraka. Kama mshale unaburuta nyuma ya mkono hata baada ya kuwasha sehemu ya Game, runinga hiyo ni ya taarifa ya habari, si ya kibanda. Tatu, asome wati zilizoandikwa nyuma yake. Nne, aweke kioo cheupe kitupu na kutafuta vivuli na mistari, hasa kama ni mtumba.

Majaribio haya huchukua dakika 15. Muuzaji anayeyakataa amekwisha kutoa jibu, na fedha za mavuno zirudi nyumbani zikasubiri duka jingine.